Nusu ya Yai

Ghati amezikwa Jumanne iliyopita kwake Nyarero, na mimi nilikuwepo. Waliniweka kwenye mkeka karibu na masufuria, maana watu hawajui wamweke wapi mtu wa magongo mawili. Ukimweka mbele anaziba njia, ukimweka nyuma haoni kaburi. Mimi sikutaka kuliona kaburi. Sikulia, na sikufurahi pia, ingawa kwa miaka mingi nilidhani siku hiyo ikifika nitafurahi. Nilikaa tu kama gunia lililoshushwa. Halafu wanawake wa jikoni wakafungua sanduku la bati na kuanza kutoa vyombo vya kuwapakulia waombolezaji, na vyombo vyenyewe nikavitambua kimoja kimoja kabla havijapanguswa vumbi. Sahani za bati zenye mstari wa buluu ukingoni. Zile tatu za Kichina zenye samaki mwekundu katikati, na samaki mmoja amebanduka kichwa. Kikombe chenye picha ya malkia wa Waingereza, kishikio hakipo. Na mwisho ikatoka ile sahani kubwa, nzito, ya udongo mweupe wa Ulaya, iliyochorwa kwa buluu nyumba na daraja na ndege wawili wanaoruka juu ya nyumba. Ukingoni ina pengo dogo kama jino lililong'oka. Pengo lile nalijua siku yake.

"Mama mkubwa, wewe utakula kwenye hii nzuri," akasema Chacha, akaishika mbele yangu. Chacha ndiye aliyenifuata nyumbani asubuhi ile, akanipakia nyuma ya baiskeli yake, magongo ameyafunga kwenye usukani. Ni kijana mwenye adabu. Amezaliwa na msichana aliyeletwa pale baada yangu. Kwa maneno mengine, ni mtoto ambaye ningemzaa mimi. Nilimwambia aiweke chini kwanza.

Habari za ukoo wangu, baba alikuwa nani na babu alihamia kutoka wapi, sitaziandika. Hazikunisaidia wakati ule na hazitamsaidia msomaji. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, miaka michache kabla ya uhuru, na nitataja majina, kwa sababu waliofanya mambo haya walikuwa na majina na waliitikia walipoitwa. Nilisoma darasa la pili tu. Mahali nilipokosea maandishi nisamehewe. Mahali nilipotaja jina sikukosea.

Ghati alikuwa mjane. Alizaa mabinti, wote wakaolewa, mtoto wa kiume hakupata. Kwetu Wakurya mwanamke wa namna hiyo anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe kama mwanamume, anachukua msichana, na watoto watakaozaliwa na msichana huyo ni wa nyumba yake. Mwanamume wa kuwazaa anachaguliwa tu, hana neno. Basi Ghati alinioa mimi. Nilikuwa na miaka kama kumi na sita. Aliniambia mwanamume atachaguliwa baada ya mavuno, na siku hiyo nitawekewa mafiga yangu mwenyewe, nipike kwenye moto wangu. Mpaka hapo nitapika kwenye moto wake. Na moto wake haukuwa wa nyumbani. Alikuwa na hoteli pale Nyamisangura, kando ya barabara, mahali malori ya kutoka Kenya na ya kutoka Musoma yalipokuwa yanasimama.

Hoteli yenyewe ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na meza mbili, mabenchi, na kabati la wavu ambamo vile vyombo vilipangwa kama watu wa kanisani. Cha nyuma kilikuwa jiko letu: mafiga, jiwe la kusagia, mitungi miwili, moshi. Kati ya vyumba kulikuwa na tundu ukutani, upana wa sinia, na kwenye tundu hilo ndiko nilikoishi mwaka mzima. Nilisukuma sahani zikaenda zimejaa, nikapokea sahani zikirudi tupu. Nyuso za wateja sikuziona sana. Niliona mikono yao na nikasikia midomo yao, na mpaka leo nikimkumbuka mtu wa wakati ule namkumbuka kwa alichokula. Madereva walitaka mayai ya kukaanga, chapati na chai nzito. Askari walitaka ugali wa mtama na supu ya matumbo ya mbuzi iliyotiwa nyongo, wakainywa huku wakikunja uso na kuisifu. Kulikuwa na Msomali mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye hakugusa sufuria zetu; alikuja na kikombe chake kimefungwa kwenye kitambaa, akaomba maji ya moto tu, majani na iliki alikuwa nayo. Mhindi mwenye duka la jirani hakula kwetu hata siku moja, lakini sikukuu yao ikifika alimletea Ghati chupa ya achari ya maembe, nyekundu, kali, na Ghati aliiweka juu ya kabati asiifungue, ikae ionekane. Sahani ile ya ndege wawili aliinunua kwa Mzungu mmoja wa mgodini aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Waliolia chakula humo walikuwa wakubwa tu. Ghati aliniambia, "Ukizaa mtoto wa kwanza, wa kiume, sahani hiyo ni yako." Msicheke. Nilikuwa sijawahi kulia chakula kwenye kitu kisichokuwa kibuyu au ungo. Nilipoiosha niliitazama ile nyumba iliyochorwa na nikajiona ndani yake, napika.

Jikoni tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Robi, mtoto wa dada yake Ghati, umri wetu sawa. Yeye alikulia upande wa pili wa mpaka kwa wajomba zake, akakaa kidogo misheni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule. Alikuwa na maneno. Mimi aliniita mke wa mama.

"Mke wa mama, bwanako anakuita," angesema Robi kila Ghati alipopiga kelele kutoka mbele, nami ningecheka mpaka moshi uniingie kooni. Sijacheka namna hiyo tena, nasema tu kama ilivyo.

Mwaka ule mvua ilikosa. Ilinyesha siku chache, mahindi yakachipua, halafu jua likayarudisha ardhini. Ng'ombe wakapelekwa mbali kutafuta majani, kule karibu na wanyama wa mbugani, na maziwa kidogo yaliyobaki yalikuwa ya chai ya wateja. Kilichosimama shambani kilikuwa muhogo mchungu. Muhogo huo tulilazimishwa kuupanda. Jumbe wetu, Magige, alipita nyumba kwa nyumba na bwana shamba, asiyekuwa na mistari ya muhogo analala ndani. Mchungu walisema ni bora kwa sababu nyani na nguruwe hawauchimbi. Hapo msomaji aone mwenyewe: nguruwe hawauchimbi, sisi tuule. Lakini sitasema uongo, walitufundisha pia namna yake. Unaumenya, unaurundika na kuufunika majani mpaka uote ukungu, au unauloweka. Unangoja siku nne, siku tano, unaukwangua, unauanika ukauke kabisa, ndipo unasaga. Bibi zetu waliujua utaratibu huo bila bwana shamba. Muhogo ulioandaliwa vile haumdhuru mtu.

Makopa yetu ya kwanza tuliyaandaa hivyo. Ghati akayauza yote kwa malori ya Kenya, maana huko nako njaa ilikuwa imeingia. Unga wa mtama na wa mahindi uliobaki ukawa wa wateja. Sisi wa jikoni tukabaki na muhogo uliochimbwa jana. Ghati akasema hakuna nafasi ya kungoja majani yaoteshe ukungu. Menyeni leo, pandisheni juu ya bati, bati linachoma, kesho kutwa sageni. Ugali wake ulikuwa mweupe, mzuri kwa macho, na uchungu wake ulikaa nyuma ya ulimi mpaka asubuhi ya pili. Ukila ule, baada ya muda kichwa kinazunguka, masikio yanapiga kelele, unatapika maji. Tulisema tumelewa muhogo. Nilimwambia Ghati, "Mama, huu muhogo unanilewesha." Akajibu, "Uchungu ni dawa ya minyoo. Wenzako huko vijijini wanalala na maji tu."

Katika wiki hizo ndipo alikuja yule Mgiriki aliyekuwa anatengeneza barabara. Alikuwa mtu mnene, jasho jingi, na alibeba chakula chake kwenye kopo: matunda madogo meusi yanayoelea kwenye maji ya chumvi. Alikula na mkate, akatema kokwa kwenye sahani ya samaki. Robi alichungulia tunduni akataka kujua ni nini, Mgiriki akampa moja. Robi alilitafuna, akalirudisha kiganjani.

"Bwana, haya ni mavi ya mbuzi yamelowekwa chumvi."

Mgiriki alicheka akapiga meza. "Zeituni! Hii tunda, ukitoa mtini, chungu kabisa. Wewe kula, wewe tapika. Sisi weka maji, mwaga maji, weka chumvi, ngoja miezi. Mtu ya haraka hapana kula zeituni."

"Miezi!" akasema Ghati kwa sauti ya kumchekea mteja. "Basi kwenu hamjui njaa."

"Njaa najua, mama. Lakini ngoja. Kama hapana ngoja, hii si chakula."

Mimi nilikuwa nimekaa chini ya tundu na ungo wa muhogo mapajani, namenya. Nilisikia kila neno. Nimefikiri juu ya mtu yule mara nyingi kuliko ninavyomfikiri baba yangu. Alitoka mbali kiasi kile, hakujua lolote juu ya muhogo, akakaa hatua tatu kutoka nilipokuwa akalisema jambo lenyewe, na mimi nikaendelea kumenya.

Na Jumbe Magige alijua, si kwa kufananisha. Alikuja kila asubuhi, akakaa mahali pamoja, akala mayai mawili ya kukaanga kwenye sahani ya ndege. Siku moja kabla ya kukaa alizunguka nyuma kukojoa, akauona muhogo juu ya bati. Nilimsikia kupitia tundu.

"Ghati, ule muhogo una siku ngapi?"

"Tangu jana, Jumbe."

"Tangu jana hautoshi. Bwana shamba alisema siku tano."

"Ni wa jikoni tu. Wa wageni haumo."

Nikasikia benchi likilia, amekaa. "Aa. Kama ni wa jikoni, sawa. Hebu niongezee chai."

Hayo ndiyo maneno ya Magige. Alikufa zamani, akazikwa na hotuba.

Sasa niseme habari ya mayai. Mwanamke wa kwetu wakati ule hakula kuku, wala yai. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini niliijua kabla sijajua kuvaa. Walisema tumbo lililokula yai litakataa mtoto. Nilikaanga mayai ya watu mwaka mzima, mafuta yake yakanirukia mikononi, na sikuwahi kulamba kidole. Kwangu haikuwa kazi ngumu, kama vile si kazi ngumu kwako kutokula udongo. Na Ghati alikuwa ananikumbusha hata bila sababu. "Tumbo lako ni la nyumba yangu," alisema, akaligusa kwa mpini wa mwiko.

Robi hakujali. Mtu mkubwa kama Magige hamalizi chakula, anaacha kidogo isionekane amekula kama mwenye njaa. Kile kidogo kilikuwa cha mbwa. Robi alimtangulia mbwa. Mara ya kwanza nilipomwona nilishika mdomo.

"Robi, hutazaa!"

"Nani kakwambia? Mama yangu mdogo huko kwa wajomba anakula yai kila Jumapili na ana watoto saba. Kwani hao watoto waliingilia wapi, dirishani?"

"Ghati akikuona atakuua."

"Na huu muhogo unanifanya nini?" Akakikata kipande cha Magige kwa kidole, katikati kabisa, akasukuma upande mmoja kwangu. Kilikaa juu ya yule ndege wa kushoto. "Nusu yako."

Nilikataa. Akala yake, yangu akaiacha pale, nikampa mbwa. Kesho yake tena, kesho kutwa tena. Halafu akawa jasiri zaidi, akaanza kuchukua yai zima kiotani na kulichemshia ndani ya birika la chai ya wateja. Alinipigia jicho tunduni huku madereva wanakunywa. "Chai ya leo imepikwa na kuku," alininong'oneza, "ndiyo maana wanaisifu." Kila yai alilimenya haraka, akaligawa, na kila siku aliniwekea nusu. Hakunihubiria. Alisema tu, "Nusu yako," kama mtu anayetaja saa.

Nilikuwa natapika kila siku wakati huo. Robi alitapika pia mwanzoni, halafu akaacha. Mashavu yake yalibaki. Mimi mifupa ya bega ilitoka, na jioni miguu ilikuwa inanitetemeka nikipanda ngazi moja ya mlango. Nilimtazama yeye anavyorukaruka na mtungi na nikaanza kumchukia. Nilijiambia kwamba mimi navumilia kwa ajili ya nyumba, kwa ajili ya mtoto, na yeye anaiba. Nilijiona mtu safi.

Ndipo Ghati akagundua mayai yanapungua. Alituita wote wawili lakini Robi alikuwa nje, kwenye maji, au mimi nilidhani yuko kwenye maji. Ghati alikuwa anapangusa ile sahani. Hakupandisha sauti.

"Bhoke, nani anakula mayai?"

"Sijui, Mama."

"Mwizi wa mayai hawezi kukaa na mafiga kwangu. Kama ni wewe niambie, nikurudishe kwenu kabla sijachagua mwanamume. Kama si wewe, taja."

Nilikuwa naitazama ile nyumba ya buluu mkononi mwake. Nikasema, "Ni Robi."

Alimpiga kwa mwiko mpaka ukakatika, akachukua kuni. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kusaga, nikasaga. Adhuhuri hiyo hiyo alimpandisha kwenye lori linalokwenda mpakani, arudi kwa wajomba zake. Robi alipita jikoni kuchukua kanga yake. Mdomo ulikuwa umevimba. Hakunitukana. Alisema, "Mimi nilikuwa nakuachia nusu," akatoka. Tangu siku ile hakuna aliyenigawia kitu, na sikujua kwamba hilo ndilo neno la mwisho nitakalolisikia kwake hadi nywele zetu zipate mvi.

Haikupita mwezi. Ilikuwa asubuhi, Magige amekaa mahali pake, na kwa kuwa Robi, aliyezoea kupokea sahani upande wa mbele, hayupo, nilipaswa kumpelekea mwenyewe badala ya kupitisha tunduni. Nilikuwa nimebeba sahani ya ndege na mayai mawili juu yake. Nilipofika mlangoni miguu ilikakamaa. Haikuuma. Watu huniuliza kama iliuma, na huona ajabu nikisema hapana. Magoti yaligongana yakakataa kuachana, vidole vikajipinda chini, nikaanguka kifudifudi kama ubao. Sahani ilibiringika mpaka chini ya benchi. Ghati alikuja mbio. Aliokota sahani kwanza. Aliizungusha, akapitisha kidole kwenye ukingo, akakuta lile pengo, ndipo akaniambia niamke. Sikuamka. Magige akasema, "Huyu binti ana kifafa?" akaruka miguu yangu kwenda kunawa. Mbwa alikula mayai.

Ghati alimleta mganga, Nyamhanga. Na yeye namtaja. Alitazama miguu yangu akauliza kama kuna mtu aliyeondoka pale kwa kisirani, Ghati akamweleza habari za Robi. Nyamhanga akasema basi ni hivyo, huyo aliyefukuzwa ameniachia laana kwenye miguu, na kwa kuwa alikula mayai laana yake ina nguvu ya kuku, inakunja vidole. Nilimwamini. Alinichanja mapajani, sikuzisikia chale. Wiki mbili nilikaa kwenye kona ya jikoni, nikiendelea kupewa ugali ule ule. Kisha nilipakiwa kwenye mkokoteni wa punda nikarudishwa kwetu, ng'ombe wakarudishwa kwa Ghati, akaoa msichana mwingine. Mafiga yangu hayakuwekwa.

Miaka iliyofuata sina la kusema juu yake. Nilijifunza kutembea kwa magongo, kwenye ncha za vidole, magoti yakisuguana. Nguo zangu huchanika mahali pamoja siku zote. Nilimchukia Robi. Chuki hiyo ilikuwa kazi yangu kama wengine walivyo na shamba. Nilipokaa juani nilimwazia amekatika mikono, amekuwa kipofu. Halafu mwaka juzi, baada ya ukame huu wa karibuni, watoto wa kitongoji cha jirani wakaanza kuanguka miguu vilevile, na daktari mmoja mgeni akaja, kijana mwenye miwani, akaniona njiani akasimamisha gari. Aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Haukuwa mwaka wa njaa? Mlikula muhogo gani? Mliuloweka siku ngapi? Nyama mlikula? Samaki? Maziwa? Mayai? Nilimjibu. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, kwamba muhogo ule una sumu, na sumu hiyo mwili unaweza kuishinda kama umepata nyama au mayai au maziwa, hata kidogo. "Hata kidogo namna gani?" nikamuuliza. Akasema hajui kipimo, lakini kidogo cha kila siku kinasaidia sana.

Nikamuuliza, "Nusu ya yai?"

Akasema, "Mama, nusu ya yai kila siku pengine ingetosha."

Aliendelea kuzungumza, akaandika jina langu kwenye karatasi. Mimi nilikuwa natazama tairi la gari lake. Nilingoja kilio kije, hakikuja. Hata hasira, ambayo ndiyo nyumba yangu, niliitafuta sikuiona. Basi orodha yangu ni hii. Ghati, aliyeharakisha muhogo. Magige, aliyesema kama ni wa jikoni, sawa. Nyamhanga, aliyeikabidhi laana kwa mtu asiyehusika. Na Bhoke, ambaye ni mimi, niliyepewa dawa mkononi siku nyingi nikamlisha mbwa, kisha nikamtaja aliyenipa.

Ndiyo maana pale msibani nilimwambia Chacha aiweke sahani chini kwanza.

Nilikuwa bado naitazama nilipoona miguu imesimama karibu na mkeka. Miguu ya mwanamke mnene, vumbi la safari mpaka kwenye magoti, viatu ameshika mkononi. Nikainua macho.

"Mke wa mama," akasema. "Bwanako amekufa, pole."

Wanawake wa jikoni wakageuka. Yeye akakaa chini kwa kishindo, akavuta pumzi, akauliza kama kuna maji. Alisema amepita Sirari alfajiri, gari likaharibika, sehemu nyingine amekuja kwa miguu. Aliyataja hayo ya miguu bila kuona anachosema. Niliona amezeeka vizuri. Alitazama magongo yangu, akanitazama mimi, akayatazama tena magongo, hakuuliza. Nadhani Chacha alikuwa amemsimulia.

Nilimwambia, "Robi, ni mimi niliyesema kwa Ghati."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya mlango na mtungi."

"Ulijua?"

"Kwani tulikuwa wangapi mle jikoni? Ulitaka nidhani ni mbwa?" Alicheka kidogo, peke yake. Halafu akaacha. "Nilikuwa na hasira nawe mpaka nilipozaa wa pili. Baadaye shamba likanimaliza, nikasahau kukasirika. Wewe umekula?"

Nilitaka kumweleza habari za daktari na sikujua nianzie wapi. Nikamwambia tu kwamba ulikuwa muhogo, na kwamba ni yale mayai yaliyomlinda. Nilisema kwa maneno machache, kama anayetuma salamu. Robi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akafungua kanga iliyofungwa kiunoni, akatoa mayai ya kuchemsha aliyobeba kwa njaa ya safari. Yalibaki mawili, moja limepasuka. Alilimenya lile lililopasuka, magamba akayaweka kwenye pindo la nguo. Hakuwa na kisu. Alilikata kwa kidole gumba, katikati kabisa, akaweka upande mmoja kwenye sahani, juu ya yule ndege wa kushoto.

"Nusu yako."

Wanawake walikuwa wanatutazama. Kati yao kuna wazee ambao mpaka leo hawali yai. Nililichukua kwa vidole. Lilikuwa la baridi, na kiini chake kilikuwa kikavu kama unga. Nilitafuna, nikameza. Nilingoja nisikie kitu, kwa kuwa nililingoja miaka mingi bila kujua nalingoja. Niliona lina ladha ya maji.

"Halina chumvi," nikasema.

"Hee! Na kuchagua unachagua." Robi akaweka mkono kwenye goti, akanyanyuka, akaenda jikoni kuomba chumvi. Nilimwangalia anavyokwenda. Aliweka kisigino chini, kisha vidole, kisigino, vidole, akaruka kamba ya mbuzi bila kuitazama, akasimama kwa mguu mmoja kuondoa kijiwe kwenye mwingine, akaendelea.